Aliyepeana mkono mechi ikiwa mbichi: uchambuzi wa kisa cha bingwa wa snuka

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli na kilitokea hadharani, mbele ya kamera. Mhusika ni mchezaji wa snuka wa kulipwa wa Uingereza. Jina lake, majina ya wapinzani wake na ya watu wa familia yake nimeyaacha, na tarehe nyingi nimezilegeza. Anayeufuatilia mchezo huu kwa karibu atamtambua, na hilo si tatizo. Nimeyaondoa majina kwa sababu tukilitaja lake tutaanza kubishana kama yeye ndiye bora kuliko wote, na jambo lililonifanya niandike litasahaulika. Jambo lenyewe ni hili: mtu mwenye kipaji cha kupindukia anawezaje kushindwa kukaa kwenye kiti kwa nusu saa, na ilikuwaje baadaye akaweza?

Nawaandikia zaidi makocha na walezi wa vijana wenye vipaji, wa mchezo wowote ule.

Usuli: mchezo wenye kiti

Wengi wetu tunaijua pool, ile meza ya baa na ya vibanda vya vijana. Snuka ni ya ukoo huohuo, ila ni ngumu kuliko ndugu yake. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mashimo yake hayasamehe: mpira ukigusa kona ya shimo kidogo tu, unatemwa. Kuna mipira 15 myekundu yenye pointi 1 kila mmoja, na mipira 6 ya rangi, kuanzia wa njano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye 7. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Ukiichukua mipira yote bila kukosea, na kila mara ukauchagua mweusi, unafikisha pointi 147. Mchezo ulizaliwa mwaka 1875 miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza huko India, ukasambaa pamoja na klabu zao. Ndiyo maana hata kwetu meza kubwa za aina hii hukutwa zaidi kwenye klabu za zamani za wanachama kuliko mtaani.

Kuna tofauti moja na michezo mingine ambayo bila kuielewa kisa hiki hakieleweki. Mwenzako akiwa mezani, wewe huna la kufanya. Beki wa mpira wa miguu anaweza kukaba. Bondia anaweza kukumbatia apumue. Mchezaji wa snuka anarudi kwenye kiti chake, anakunywa maji, anafuta fimbo kwa kitaulo, anatazama. Mpinzani hodari anaweza kuimaliza fremu nzima, yaani duru moja ya mechi, kwa zamu moja, wewe umekaa tu, kamera ikikuvuta uso kwa karibu ili watu nyumbani waone kama midomo inatetemeka. Kupiga kelele hairuhusiwi, na kutembeatembea si heshima.

Historia ya mchezo huu imejaa watu waliopimwa kwenye kiti hicho. Mwaka 1985 Steve Davis aliongoza fainali ya dunia fremu 8 kwa 0, kisha Dennis Taylor akamfukuzia hadi wakafika 17 kwa 17, na mpira mweusi wa mwisho wa fremu ya mwisho ndio ulioamua. Davis alishindwa saa za usiku wa manane, Waingereza zaidi ya milioni 18 wakitazama kwenye televisheni. Alikaa pale mpaka mwisho, na baadaye akatwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1987, 1988 na 1989. Jimmy White alicheza fainali 6 za dunia na kushindwa zote. Ile ya 1994 aliipoteza 18 kwa 17 baada ya kukosa mpira mweusi ambao siku nyingine angeuingiza bila kufikiri. Naye alikaa.

Mchezaji mwenyewe

Alipata pointi zaidi ya 100 kwa zamu moja akiwa na miaka 10. Akiwa na 15 alishafikisha 147. Aliingia uchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 16, na katika mechi zake 76 za mwanzo alishinda 74. Hakuwa ametimiza miaka 18 alipotwaa moja ya mataji makubwa kabisa ya mchezo huo. Anapiga kwa mkono wa kulia lakini wa kushoto nao anautumia kwa ustadi ambao wengi hawana hata kwa mkono wao mkuu. Na ana kasi: aliwahi kumaliza pointi 147 kwa dakika 5 na sekunde chache, mbele ya umati, kwenye mashindano ya dunia.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka uleule alioanza kulipwa, mmoja wa wazazi wake alifungwa kifungo cha maisha. Miaka michache baadaye mzazi wa pili naye alikaa gerezani kwa muda. Kijana akawa bingwa na yatima wa watu walio hai kwa wakati mmoja. Kabla hajafika miaka 25 alikuwa amemshambulia ofisa wa mashindano na kupigwa faini, amepokonywa taji kwa kukutwa na bangi mwilini, na amelazwa kituo cha matibabu ya uraibu. Yeye mwenyewe amezungumza wazi kuhusu sonona, pombe na dawa za kulevya, na kwa hilo nampa heshima yangu yote. Mwaka uliofuata baada ya kutoka kituoni alikuwa bingwa wa dunia.

Jambo moja la tabia yake lina uzito kuliko yote haya. Kushinda peke yake hakukumtosha. Alitaka mpira mweupe usimame pale hasa alipoutaka. Mara nyingi ametoka mshindi kwenye mechi ngumu akawaambia waandishi kwamba amecheza ovyo, na hakuwa akijishusha kwa adabu. Aliamini hivyo.

Ishara zilizotangulia

Mwaka mmoja na nusu kabla ya tukio, kwenye robo fainali ya dunia, aliongoza 8 kwa 2. Mpinzani wake akaamua kupunguza mwendo. Kwenye fremu moja alitumia zaidi ya dakika 5 kupata pointi 12 tu, yaani muda ambao Mchezaji wetu aliwahi kuutumia kuchukua zote 147. Kamera zilimwonyesha Mchezaji akijikuna uso kwa kucha, akijikunyata kitini, hadi akamwuliza mtazamaji wa jirani saa ngapi. Akashindwa 13 kwa 11.

Miezi michache baadaye, mashindano mengine. Mpinzani akiwa mezani, Mchezaji alijifunika taulo lenye maji kichwani na kukaa hivyohivyo, haoni meza. Watu walicheka, magazeti yakapata picha. Akashindwa tena, 9 kwa 8.

Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, zinasema kitu kilekile: mtu huyu anateseka akiwa kitini. Hakuteseka akiwa mezani. Hata hivyo waliozungumza walizungumzia fimbo yake, mkono wake, uvivu wake wa mazoezi, na walipochoka walisema ana wazimu wa watu wenye vipaji. Naona ndipo pa kwanza palipoharibika.

Siku yenyewe

Desemba ya mwaka uliofuata, mashindano yaleyale alikojifunika taulo. Robo fainali dhidi ya bingwa mkongwe aliyekuwa mfalme wa mchezo huo miaka ya 1990. Anayetangulia kupata fremu 9 ndiye mshindi, kwa hiyo mechi ya namna hii inaweza kufika fremu 17. Mkongwe akaongoza 4 kwa 1.

Fremu ya 6 ikaanza. Mchezaji akapata nafasi, akakusanya pointi 24. Yeye ndiye aliyekuwa mbele katika fremu hiyo. Mpira mweupe ukasimama vibaya kidogo, akajaribu mwekundu, akakosa. Wenzake wanakosa mipira kama huo kila siku. Mipira mingi ilikuwa bado mezani, na hakuna aliyekuwa ameshinda chochote.

Alimwendea mpinzani akampa mkono. Akampa mkono refa. Akaondoka ukumbini. Mkongwe alibaki amesimama, na baadaye akasema hakuelewa kinachoendelea mpaka alipoambiwa na Mchezaji kwamba imemtosha. Watazamaji nao walidhani ni mzaha. Kanuni hazina nafasi ya mzaha wa aina hiyo: mechi iliandikwa 9 kwa 1.

Nimeitazama video ya dakika ile mara nyingi. Hakuna hasira ya kutupa vitu. Uso wake ni wa mtu aliyetua mzigo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Mchezaji haukuwa wa ghafla kama unavyoonekana. Taulo lilikuwa jaribio la kuondoka bila kuinuka kitini, na kumwuliza mtu saa vilevile. Safari hii akakamilisha. Muda si mrefu akatoa taarifa ya kuomba radhi kwa mashabiki na kwa mpinzani. Humo alieleza kwamba yeye ni mtu wa kutaka kila kitu kikamilike, kwamba alijikasirikia mwenyewe hadi subira ikamwishia, na kwamba alipaswa kuendelea. Nasisitiza hapo: hakusema mpinzani alimkera wala meza ilikuwa mbovu. Alisema alijikasirikia.

Mpinzani aliamua kutomshambulia kwa maneno. Angeweza, kwa kuwa ushindi wake ulikuwa umechafuliwa, na alikuwa akicheza vizuri siku ile. Alisema alishangaa, akaendelea na kazi yake.

Chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na uamuzi mgumu zaidi. Huyu ndiye anayejaza kumbi. Wangemfungia msimu mzima, waliolipa viingilio wangekuwa wa kwanza kuumia. Wangemwachia, kila mchezaji mchanga angejifunza kwamba jina kubwa ni kibali. Hawakumfungia, akaendelea kucheza, na miezi kadhaa baadaye wakamtoza zaidi ya pauni 20,000. Wapo waliosema ni pesa ndogo kwa tajiri. Mimi naona walipatia, na sababu yangu ni kilichotokea mwezi mmoja tu baada ya siku ile.

Mwezi mmoja baadaye

Januari, London, fainali ya mashindano ya waalikwa bora. Mchezaji alikutana na kijana wa miaka 19 kutoka Asia, kipenzi cha taifa lake zima. Kijana alianza vizuri, kisha Mchezaji akafunguka. Akacheza snuka ambayo hata wapinzani wake wa siku zote waliishangilia. Baadhi ya watazamaji wakaanza kumzomea kijana kila anapoinama kupiga. Ilipofika 9 kwa 3, fremu moja kabla ya mwisho, kijana akampa mkono Mchezaji kana kwamba yamekwisha. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Alichofanya kijana ni kilekile alichofanya Mchezaji mwezi mmoja nyuma. Na mtu pekee ukumbini aliyejua kutoka ndani jambo hilo linavyokuwa alikuwa Mchezaji mwenyewe. Alimwekea mkono begani, akatoka naye kwenda vyumbani wakati wa mapumziko, akizungumza naye njia nzima. Wakarudi. Fremu ya mwisho ikachezwa, Mchezaji akashinda 10 kwa 3, na hata baada ya hapo alikaa karibu na kijana akimtuliza kabla ya kushangilia kombe lake.

Kama angekuwa amefungiwa papo hapo, hili lisingetokea. Simaanishi kwamba tendo moja jema linafuta jingine baya. Namaanisha kwamba kumwacha mtu ndani ya mchezo kulimpa nafasi ya kuitazama siku yake ya Desemba kwa macho ya nje, mbele ya mtu mwingine aliyekuwa akiipitia, na hakuna semina ingeweza kumpa hilo.

Matokeo ya muda mrefu

Desemba iliyofuata, kwenye mashindano yaleyale aliyoyatoroka, alifika nusu fainali. Wakalingana 8 kwa 8. Fremu ya mwisho, ambayo ndiyo fremu ya kutetemeka mikono, akafikisha 147. Siku iliyofuata akatwaa taji. Miezi michache baadaye akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu.

Ingekuwa hadithi ningeishia hapo. Lakini miaka mitatu iliyofuata ilikuwa mibovu. Matokeo yalishuka, akazungumzia kustaafu kila mara. Akiwa na miaka 35 ndipo alipomwendea daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akifanya kazi na timu ya baiskeli ya Uingereza. Daktari huyo hafundishi kutulia. Anafundisha kwamba ndani ya kichwa kuna sehemu inayoongozwa na hisia, yenye nguvu na kasi kuliko sehemu inayofikiri, na kwamba kupigana nayo ni kupoteza muda. Unaisikiliza, unaiacha ipige kelele zake, kisha unaamua wewe. Mwaka uliofuata Mchezaji alitwaa ubingwa wa dunia. Akapumzika karibu msimu mzima, akasaidia kazi kwenye shamba la nguruwe, akarudi na kuutetea ubingwa huo kana kwamba hakuwa ameondoka. Kati ya mataji yake 7 ya dunia, 3 aliyapata kabla ya kukutana na daktari na 4 baada yake, la mwisho akiwa na miaka 46, umri ambao kabla yake hakuna aliyewahi kutwaa ubingwa wa dunia katika ukumbi wa Crucible, unakochezewa.

Na bado hajapona, kama kupona maana yake ni kutokasirika tena. Mwaka 2025, akiwa na miaka 49, aliivunja fimbo yake kwa hasira katika mashindano, akajitoa, na akakosa pia mashindano makubwa yaliyofuata.

Uchambuzi

Maelezo yanayopendwa zaidi ni kwamba kipaji na hasira ni pacha, ukimwondolea kimoja umemwondolea na kingine. Kisa hiki hakiyaungi mkono. Mataji 4 kati ya 7 ya dunia aliyapata baada ya kujifunza kuishi na hasira. Aliendelea kuhisi vilevile. Kilichobadilika ni umbali kati ya hisia na mguu unaoinuka kuondoka. Mlezi anayemwogopa kijana wake kumrekebisha, eti asije akaua kipaji, anajitungia kisingizio.

Maelezo ya pili ni malezi: wazazi gerezani, basi mtoto lazima avurugike. Siyapuuzi. Mtu huyu alibeba mzigo ambao wengi wetu tungeanguka nao. Lakini malezi hayaelezi kwa nini alivurugika kitini na si mezani, wala kwa nini alipotea akiwa anaongoza fremu. Kipimo chake mwenyewe ndicho kinachoeleza. Mtu anayejipima kwa ukamilifu, kila kosa dogo kwake ni hukumu. Mezani kosa linafuatwa na pigo jingine, kwa hiyo hukumu haina muda wa kusomwa. Kitini ina muda wote. Mwekundu alioukosa siku ile angekaa nao pengine dakika 10 akimtazama mkongwe akichukua mipira mmoja mmoja. Aliondoka ili asikae nao. Ndivyo ninavyoisoma dakika ile, na taulo la mwaka wa nyuma linaniunga mkono.

Kilichofanya kazi ni vitu vitatu vilivyokutana bila mtu kuvipanga. Aliomba radhi mapema na kosa akaliweka kwake. Adhabu iliuma bila kumtenga. Na hatimaye alipata msaada wa kitaalamu, si mawaidha ya wanaompenda. Kilichoshindikana kabisa ni kusoma ishara. Meneja, chama, watangazaji, wote waliliona taulo lile na wakalifanya kichekesho. Kutoka taulo hadi mlangoni kulikuwa na mwaka mzima. Kutoka mlangoni hadi kwa daktari kulipita zaidi ya miaka minne. Nahesabu miaka hiyo yote kama hasara iliyoweza kuzuilika, ingawa ndani yake aliokota mataji ya kutosha kuwafumba watu macho. Mafanikio ndiyo yaliyochelewesha tiba, kwani nani atamwita daktari kwa mtu anayeshinda?

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo makocha hawalisemi vya kutosha. Mchezaji wa snuka hufanya sehemu kubwa ya mazoezi peke yake. Anapanga mipira, anapiga, akikosa anapanga upya. Saa nne mezani ni saa nne za kusimama na kupiga. Siku ya mechi, karibu nusu ya muda atakuwa amekaa. Yaani nusu ya kazi yake hajawahi kuifanyia mazoezi hata siku moja, na hiyo ndiyo nusu iliyomshinda huyu.

Hapa kwetu kijana wa pool au wa drafti ana bahati ambayo Mchezaji wetu hakuwa nayo: anajifunza mbele za watu, akikosa anampisha mwenzake na kungoja foleni. Kocha anaweza kuijenga juu ya hapo. Mwanzishie mpinzani fremu akiwa mbele kwa pointi 50. Kijana akikosa, arudi kitini, simu iwe mbali, macho yawe mezani, asiinuke mpaka zamu yake. Mwangalie yeye badala ya mipira: anashika nini, anapumuaje, anaanza kutazama mlango baada ya muda gani. Andika. Rudia wiki ijayo na ulinganishe. Na siku utakapomwona amejifunika taulo, ahirisha mazoezi ya fimbo, mketi mzungumze.